Askari Wetu Anarudi Mikononi mwa Nani?

Kila Julai 25 nchi husimama kuwakumbuka mashujaa wake. Mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara, tarumbeta hulia, viongozi wa dini huomba kwa zamu. Kule Kaboya, wilayani Muleba, makaburi ya askari waliokufa katika vita vya Kagera yamepangwa kwa safu na yanatunzwa. Desemba 2017, baada ya askari 14 wa JWTZ kuuawa kwenye kituo chao cha Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, majeneza yaliyofunikwa bendera yaliagwa Dar es Salaam na nchi nzima ikaomboleza. Askari aliyekufa tunajua kumpokea.

Aliyerudi hai anapokewa na mkewe. Kama hana mke, ni mama yake, au binti aliyebaki nyumbani. Yeye ndiye anayemshika usiku anapoweweseka, anayewatuliza watoto baba anapogeuka mkali bila sababu, anayetafuta hela ya dawa na kuwaambia majirani kwamba mzee amechoka tu. Huo ndio mfumo wetu halisi wa kuwahudumia askari ambao akili zao zilijeruhiwa kazini. Hoja yangu ni kwamba mzigo huu una mwenyewe, naye ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ofisi yake ipo. Kada yake ipo. Kazi hii ndiyo haijawahi kuandikwa kwenye karatasi yake ya majukumu ya kila siku, na matokeo yake yanaonekana vizuri zaidi mahali ambapo hakuna anayetazamia kuyaona: kwenye mji wa pamba na ng'ombe kama Bariadi.

Somanda ni kata ya mji huo, ambao ni makao makuu ya Simiyu, mkoa uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na sasa una watu zaidi ya milioni mbili. Ukitaja Somanda, wengi wanafikiria hospitali kwanza. Watu hufika pale kutoka Sima, Nyakabindi, Guduwi na vijiji vya mbali zaidi, kwa bodaboda, kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Kati yao wamo wanaume waliowahi kushika bunduki kwa amri ya nchi. Si kundi moja, na kosa la kwanza la mtu anayetaka kuwasaidia ni kuwaweka wote kapu moja.

Wakubwa kwa umri ni wa Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi yetu hadi mto Kagera. Jeshi la wakati ule halikutosha. Kwa miezi michache idadi ya wapiganaji ilipanda zaidi ya maradufu, kwa kuwachukua mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa ndani yake, haikubaki nyuma. Kijana aliyekuwa analima pamba msimu mmoja alijikuta Mutukula Januari, Masaka Februari, Lukaya Machi, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amevuka 65. Mgambo kati yao walirudi bila pensheni, kwa sababu hawakuwa waajiriwa wa jeshi, na suala lao limefika bungeni zaidi ya mara moja. Walirudi pia kwenye nchi iliyokuwa imefilisika kwa ajili ya vita ile, maduka matupu, sukari ya foleni. Hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kuwauliza wamelalaje.

Kati yao na vijana wa leo kuna waliokwenda Msumbiji miaka ya 1980, kundi dogo ambalo halizungumzwi sana. Kisha wanakuja walinda amani. Julai 13, 2013 saba waliuawa Darfur kwa shambulio la kuvizia. Mwaka huohuo kikosi chetu kiliingia Kongo pamoja na Afrika Kusini na Malawi, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kushambulia, na waasi wa M23 wakasukumwa nje ya maeneo waliyoshika karibu na Goma. Miaka minne baadaye ikaja Semuliki, iliyoacha pia majeruhi zaidi ya 40. Mwanzoni mwa 2025 askari wetu wengine walipoteza maisha katika mapigano ya kuzunguka Sake na Goma.

Hawa vijana wanatofautiana na baba zao kwa mambo mengi. Wana mafao, simu, akaunti ya benki, wamesafiri kwa ndege. Lakini kuna jambo moja linalowahusu wao peke yao, nalo halimhusu askari wa Ulaya au Asia aliyepelekwa kulinda amani huko huko: Kivu Kaskazini watu wanazungumza Kiswahili. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni, mzee anayeomba asiachwe, mwenye hasira anayetukana gari la Umoja wa Mataifa kwa kuchelewa kufika, wote wanasikika neno kwa neno. Askari wa Uruguay anaweza kusikia kelele. Wa kwetu alisikia sentensi, na sentensi hukaa. Sijaona mafunzo ya ushauri nasaha yanayolipa jambo hili uzito unaostahili, na nadhani lingekuwa mlango mzuri wa kuanzia mazungumzo na kijana aliyerudi kutoka Kivu Kaskazini.

Niseme wazi pia kwamba walio wengi wako salama. Bariadi ina wastaafu wa jeshi wanaoendesha maduka, wanaoongoza vyama vya msingi vya ushirika, wazee wa kanisa, madiwani. Jeshi liliwapa nidhamu, na nidhamu hiyo imewafaa. Kumwona kila mstaafu kama mgonjwa ni kumtukana. Ninaowazungumzia ni wachache kati yao, lakini uchache wao haupunguzi uzito wa kinachotokea ndani ya nyumba zao.

Madaktari wana majina ya kinachotokea. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliopoteza kuona, kunusa na kukumbuka ingawa miili yao haikuwa na jeraha. Mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, Wamarekani waliuingiza msongo unaofuata kiwewe kwenye kitabu chao rasmi cha magonjwa ya akili. Daktari mwingine wa huko, Jonathan Shay, alisikiliza askari wa Vietnam kwa miaka mingi na mwaka 1994 akaandika juu ya jeraha la dhamiri, ambalo leo hueleweka kuwa maumivu ya mtu aliyefanya, au aliyeshuhudia, jambo ambalo moyo wake unajua halikuwa sawa. Hilo linatuhusu. Askari wetu waliibomoa Mutukula na kuwaua raia, kiasi cha kumshtua Nyerere mwenyewe, na Masaka iliharibiwa vibaya. Mzee anayelia usiku huenda haogopi risasi za Amin. Huenda anamkumbuka mtu ambaye hakuwa na silaha.

Bariadi mambo haya hayaji na jina la kidaktari. Yanakuja kwa milango mingine. Mtu anakuja na vidonda vya tumbo visivyopona, mgongo, kichwa, presha. Anakuja ameletwa na polisi kwa kumpiga mke. Anakuja kwa ajali ya pikipiki, ananuka gongo saa tatu asubuhi. Anafikishwa baraza la kata kwa ugomvi wa mpaka wa shamba uliomalizika kwa panga. Nesi anaandika kwenye kitabu namba 5 cha mfumo wa taarifa za afya, MTUHA: jina, umri, jinsi, anapoishi, ugonjwa. Hakuna safu inayouliza kama mtu huyu aliwahi kuwa askari. Anatibiwa tumbo, anapewa dawa, anaondoka. Mwezi ujao anarudi na tumbo lilelile.

Kuna hatari nyingine ambayo mtu wa Dar es Salaam hataiwaza haraka. Askari mwenye kiwewe halali. Anaamka saa nane, anakagua mlango wa zizi, anazunguka mji wake, anasimama gizani akisikiliza. Kambini hilo ni lindo na ni sifa njema. Usukumani, mtu anayeonekana akizunguka usiku peke yake hujengewa maelezo mengine. Eneo hili limeumizwa vibaya na mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi, hasa akina mama wazee, na tuhuma huanza na vitu vidogo kama hivi: alionekana wapi, saa ngapi. Kukosa usingizi, ambako hospitalini ni dalili moja tu ndani ya orodha, kijijini kunaweza kuwa hukumu. Afisa ustawi anayekwenda kuwaeleza majirani kwamba mzee huyu halali kwa sababu ya vita, na kwamba vita ile ilikuwa ya kuwalinda wao, anaweza kuwa anaokoa maisha yake kwa mazungumzo ya nusu saa.

Na wapo waliopata pa kupeleka ule ukesha wao. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe na ujambazi wa bunduki ulipokuwa umezidi, na sehemu ya bunduki hizo zilikuwa zimevuja kutoka vita vya Uganda. Vijiji vilijipanga vyenyewe, vikawa na mtemi wa sungusungu, makamanda, filimbi, na mwano, yowe la hatari, unaopigwa kutoka mji hadi mji mpaka bonde zima linaamka. Mwanamume aliyerudi vitani akiwa hajui afanye nini na masikio yake makali alipata kazi yenye heshima. Naamini sungusungu waliwatibu baadhi ya askari wetu bila kukusudia: waliwapa wenzao, amri, sababu ya kuwa macho. Waliwaumiza wengine vilevile. Kila mwano unapopigwa, mwili unarudi Lukaya, moyo unakwenda mbio, na mtu anafika kwenye tukio akiwa tayari kuua mwizi ambaye alipaswa kukamatwa. Mfanyakazi wa ustawi anayefanya kazi Bariadi bila kuzungumza na viongozi wa sungusungu ameacha nusu ya habari nje.

Kazi yenyewe ikoje? Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 67 aliyekuja kwa ajili ya tumbo, mkewe amekaa naye benchi. Daktari, akiwa na mashaka, anamwelekeza mlango wa ustawi. Afisa ni binti wa miaka 28. "Shikamoo baba." "Marahaba." Anaongeza "mwangaluka, bhabha," na uso wa mzee unalegea kidogo kwa sababu amesalimiwa kwa lugha ya nyumbani. Wanazungumza mvua, bei ya pamba, wajukuu. Kisha swali: "Baba, uliwahi kutumikia jeshi, au mgambo?" Mzee anakaa wima. "Sabini na nane." Ananyamaza.

Hapo ndipo utaalamu unapopimwa. Asiyefundishwa atauliza kuhusu kuua, au atasema pole na kugeukia fomu. Aliyefundishwa ataacha ukimya ukae, kisha atauliza jambo ambalo mzee anaweza kulijibu bila aibu: mlirudi wangapi? Akitajiwa majina, ayaache yatajwe yote. Kisha aulize usingizi. Kikwazo kitakachofuata ni kiapo. Askari wa Tanzania amefundishwa kwamba mambo ya jeshi ni siri, na anaweza kuwa ameishi miaka 40 akidhani kwamba kumweleza mtu ndoto zake ni uhaini. Binti yule anahitaji kumwambia kwa maneno mepesi: sihitaji jina la kikosi, wala mahali, wala jina la kamanda, nahitaji kujua usiku wako unapitaje. Mpaka huo ukichorwa mapema, wengi wanaweza kuzungumza bila kuvunja kiapo chochote.

Halafu anaitwa mke, kwa ridhaa ya mzee, na sehemu kubwa ya kazi inaanzia kwake. Anajua tarehe ambazo mzee huharibika: siku za sherehe zenye baruti, usiku wa mvua ya mawe juu ya bati, msimu wa mauzo ya pamba ambapo hela ipo na gongo ipo. Anajua dalili za siku mbili kabla. Ameshaunda mpango wake wa usalama bila kuuita hivyo: panga linafichwa wapi, watoto wanalala kwa nani. Afisa anayeandika maarifa haya kwenye jalada, na kuyafanya yawe ya ofisi badala ya siri ya mwanamke mmoja, tayari amempunguzia mzigo. Akimsikiliza peke yake ataona jambo jingine, kwamba mke naye haijui tena raha ya usingizi, na kwamba yeye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote.

Kwenye jalada hilohilo kuna swali ambalo lazima liulizwe waziwazi: umewahi kufikiria kujiua? Kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo. Humpa ruhusa ya kusema. Lakini Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayomleta mtu aliyenusurika hospitalini inaleta mgonjwa na mtuhumiwa kwa pamoja, kwa hiyo wengine hawamleti, au wanasema alikunywa kwa bahati mbaya. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba. Sioni hoja yoyote ya kukibakiza chetu. Mpaka kifutwe, afisa ustawi wa Somanda ana jambo moja anaweza kufanya bila kusubiri Bunge: Simiyu inalima pamba, na dawa ya wadudu wa pamba hukaa chini ya kitanda. Kuhakikisha kwamba katika nyumba hii dawa hiyo inatunzwa ghala la jirani au la chama cha msingi, kwenye kufuli, ni sehemu ya tiba. Sri Lanka ilipoondoa sokoni viuatilifu vikali zaidi miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilishuka sana.

Kwa nini basi kada hii haioni askari? Jibu liko kwenye historia yake, na ni historia inayouma. Ustawi wa jamii kama idara ya serikali ulianza Tanganyika katikati ya miaka ya 1940, na jukumu la kwanza lililofikiriwa lilikuwa askari wanaorudi. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walikuwa wameandikishwa katika Vita vya Pili; wengine walipigana Abisinia, Madagaska na misitu ya Burma wakiwa katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles). Wakoloni waliogopa watu hawa, waliozoea silaha na mishahara, wakapanga vituo vya ustawi ili kuwatuliza. Vituo vikajengwa mijini, askari wengi wakarudi vijijini, na kumbi zile zikawa za makarani na walimu. Kenya walikwenda mbali kidogo: shule ya Jeanes pale Kabete iliwafundisha askari waliorudi wawe wenyewe wafanyakazi wa ustawi. Wazo hilo, la askari kumhudumia askari mwenzake, lina miaka 80 hapa Afrika Mashariki, na sisi tumeliacha.

Baada ya uhuru Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilianzishwa Dar es Salaam kwa sheria ya mwaka 1973, na kada ikakua polepole. Kisha likaja janga la UKIMWI. Fedha za wafadhili zilikuja na watoto yatima mbele, na ilikuwa haki. Kuanzia miaka ya 2000 maelfu ya wahudumu wa ustawi wa ngazi ya kijiji walifundishwa kuwatafuta watoto walio katika mazingira hatarishi, nyumba kwa nyumba. Baadaye likaongezwa dawati la ukatili wa kijinsia, msamaha wa matibabu, wazee waliotelekezwa wodini. Leo afisa mmoja wa halmashauri anabeba yote hayo. Jicho lake limefundishwa kumwona mtoto na mwanamke aliyepigwa. Mpigaji anamwona kama mpigaji, na mara nyingi anaishia hapo. Simtetei mpigaji. Nasema kwamba kesi ya kipigo isiyouliza mwanamume huyu alitoka wapi itarudi mezani tena, na mara ya pili huenda ikaja na maiti.

Hospitali ya magonjwa ya akili peke yake haitoshi, tena iko mbali. Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, bado ndiyo jina linalowajia watu wengi wakisikia ugonjwa wa akili, na jina hilo linatisha. Bugando, Mwanza, ina wataalamu na ni karibu zaidi, lakini nauli ya watu wawili kupitia Lamadi, kulala na kula, ni gunia la mahindi. Madaktari bingwa wa afya ya akili nchini ni wachache mno kwa watu zaidi ya milioni 60. Jeshi lina hospitali zake, Lugalo ikiwa kubwa kuliko zote, na kwa aliye kazini hiyo ni njia nzuri. Kwa mgambo wa 1978 haipo.

Aliyepo karibu ni nfumu, mganga wa jadi. Familia nyingi hupita kwake kwanza, na mtaalamu anayelikasirikia hilo atapoteza wateja wake. Nfumu huzungumzia masamva, mizimu ya ukoo inayodai jambo, na katika tambiko familia nzima hukusanyika kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa ametengwa. Nguvu hiyo hospitali haina. Wachungaji na makatekista nao wana nguvu yao. Kuna askari ambaye hawezi kusema na yeyote ila kwenye kitubio. Ubaya unakuja pale jibu linapokuwa jirani fulani amekuroga, au ng'ombe wanapoisha kwa malipo, au mgonjwa anapofungwa kamba mtini. Afisa mwenye busara humtembelea nfumu, huheshimu tambiko, na husimama imara kwenye mambo mawili: asitajwe mtu wa kulaumiwa, na dawa za hospitali zisikatishwe.

Je, mtu asiye daktari anaweza kweli kutibu kiwewe? Ushahidi bora unatoka kwa majirani zetu. Katika kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wanasaikolojia wa Kijerumani waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwa washauri, kisha wakafuatilia wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliohudumiwa na wenzao walipata nafuu kubwa kuliko waliofuatiliwa tu. Mojawapo ya njia zilizotumika ni kusimulia maisha kwa mpangilio. Kamba inatandazwa sakafuni, ua linawekwa kwa kila jambo jema, jiwe kwa kila baya, tangu kuzaliwa hadi leo, halafu mtu anapita kila jiwe kwa maneno mpaka linapata mahali pake na tarehe yake. Goma, njia hiyohiyo ilirekebishwa kwa ajili ya waliokuwa wapiganaji, ikikubali kuzungumzia pia jambo ambalo ushauri wa kawaida hulikwepa: kwamba vita kwa wengine ilikuwa na utamu, na wanautamani. Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaweka bibi waliofundishwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti wa watu 573 uliotoka 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua sana kwa walioketi na bibi hao. Wasukuma tunajua kusimulia kwa nyimbo na kwa mpangilio. Sioni sababu kamba ya Nakivale isitandazwe Somanda.

Marekani nayo ina somo, ingawa utajiri wake haulingani na wetu. Idara yao ya askari waliostaafu iliajiri wafanyakazi wa ustawi kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Leo ina zaidi ya 15,000. Lakini kilichowafaa sana watu wa Vietnam ni vile vituo vidogo vilivyofunguliwa mitaani kuanzia 1979, nje ya hospitali, wengi wa wahudumu wakiwa wenyewe wametoka vita ileile. Hilo halikuhitaji utajiri. Muungano wa wastaafu wetu wa jeshi, MUWAWATA, upo, na mikutano yake inaweza kuwa mahali pa kuanzia kuwapata wazee watatu au wanne wanaosikilizika.

Nimesikia pingamizi mbili na zote nazichukua kwa uzito. Ya kwanza: kuna akina mama wanaokufa kwa uzazi, kuna watoto wenye utapiamlo, kwa nini askari? Kwa sababu askari aliyeumia anaishi nyumba moja na mama huyo na mtoto huyo. Ya pili: jeshi lina taratibu zake, raia wasiingilie. Kwa aliye kwenye sare nakubali. Aliyevua sare ni mwananchi wa kata ya Somanda, ana mwenyekiti wa mtaa, anatibiwa kwenye hospitali ya halmashauri, na anapompiga mke anakwenda polisi ya raia. Jeshi linaweza kusaidia sana kwa kumkabidhi: barua moja kwa mganga mkuu wa halmashauri, kwa ridhaa ya askari, inayosema huyu amestaafu, alihudumu nje ya nchi, tafadhali mfahamiane.

Mambo ya kufanya hayahitaji mradi wenye nembo. Swali moja liongezwe kwenye mahojiano ya ustawi na ya wagonjwa wa nje. Wahudumu wa vijijini waliofundishwa kuwatafuta yatima wafundishwe kwa siku chache dalili za kiwewe na sonona. Dawa za sonona zisikosekane, maana mtu akianza na kukatishiwa wiki ya tatu hataamini tena. Wake wakutane, peke yao, hata mara moja kwa mwezi. Na afisa mwenyewe apate mtu wa kumsikiliza, kwa sababu anayebeba Lukaya na Semuliki za watu wengine kila wiki huanza naye kuota, na nimeona vijana wazuri wa kada hii wakiomba kuhamia dawati lolote lingine.

Nikipewa nafasi ya kupendekeza kifungu kimoja tu kwenye bajeti ijayo ya Mji wa Bariadi, nitaomba mafuta ya pikipiki. Mazungumzo ya kwanza yanaweza kufanyika hospitalini, ila ya pili na ya tatu lazima yafanyike nyumbani, kwa mzee, mahali anapoonekana zizi lililokaguliwa usiku, kitanda chenye dawa ya pamba chini yake, na mke ambaye hawezi kuacha shamba kuja mjini kila Jumatatu. Bila lita hizo chache jalada litafunguliwa vizuri, litaandikwa vizuri, na litakaa kabatini.